Fundi Aliyetaka Nisome Rangi

Fundi aliyenifundisha kuvuta nyaya za kompyuta alikuwa haoni tofauti kati ya kijani na kahawia. Nalisema mapema ili tusizungushane. Wewe ambaye hujawahi kushika waya wa mtandao utauliza ajabu iko wapi, mbona mtu anaishi vizuri tu bila kujua kijani. Ngoja nikuambie. Ndani ya waya mmoja mna nyuzi nane nyembamba, zimesokotwa mbili mbili, na kila jozi ina rangi yake: chungwa, kijani, buluu, kahawia, uzi mmoja rangi tupu na mwenzake mweupe wenye mstari wa rangi hiyo. Nyuzi hizo zinaingia kwenye plagi kwa mpangilio mmoja, upande huu na upande ule. Ukikosea upande mmoja, kompyuta inakaa pale mezani kama tofali. Na huyu asiyeona rangi ndiye aliyekuwa fundi wa kuitwa kwanza, kuanzia Kambarage, hapa Shinyanga, alikokuwa na kibanda chake mpaka huko Geita kwenye dhahabu.

Siri hiyo niliifunga mdomoni miaka kumi na miwili. Mwezi uliopita nilimwendea kumwomba aniruhusu kuifungua, kwa sababu kuna mtu ambaye riziki yake ilikuwa inaning'inia hapo. Nitafika huko. Kwanza umjue mwenyewe.

Jina lake sitaji, ni sharti lake. Sisi sote tulimwita Fundi. Mkewe naye alimwita Fundi, hata siku alizomkasirikia, na hizo zilikuwa nyingi. Alikuwa mfupi, mkavu, anavaa koti la kijivu lenye mifuko minne, jua liwake lisiwake. Mfuko mmoja ulikuwa wa karanga za kuchemsha na ilikuwa marufuku kuweka bisibisi humo.

Nilimwendea nikiwa na miaka thelathini na moja, na mtoto mmoja, Pendo, na ujuzi wa kuchapa barua kwenye stationari ambayo wateja walikuwa wameshaikimbia, kila mtu ana simu yake. Nilimwamkia, nikamwambia nataka kujifunza. Akaangalia viatu vyangu kwanza.

"Darini unapanda?"

"Napanda."

"Panya unaogopa?"

"Naogopa."

"Vizuri. Wanaosema hawaogopi ndio wananiangukia na dari ya watu."

Nikaanza siku hiyo hiyo, na viatu vile vile vya kuchuchumia. Toka hapo akawa ananiita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, isipokuwa mbele ya wateja, hapo niligeuka Mama Pendo.

Kama ulidhani kazi hii inaanza na kutoboa ukuta, Fundi angekuchosha. Siku nzima ya kwanza alikuwa hatoi hata nyundo. Alizunguka jengo na kipande cha kalenda ya zamani, upande mweupe juu, anachora. Ana futi ya kupimia lakini anapima kwa hatua, halafu anachukua futi ili kuthibitisha kuwa hatua zake hazidanganyi. Waya usizidi mita tisini kabla haujafika kwenye kabati, pale nyaya zote zinapokutana, na ukikaribia hapo anahamisha kabati, habishani na waya. Aliwauliza wakubwa wa ofisi swali moja tu: baada ya miaka mitano mtakuwa wangapi humu? Wakisema watano, anapanga kumi. Wakilalamika gharama, anafunga kalenda yake na kuwaaga vizuri.

Baada ya wakubwa alimtafuta anayefanya usafi. Huyo alimkalisha chini, akampa karanga, akamuuliza maswali nusu saa: maji ya mvua yanapenya wapi, panya wanapita upande gani, chumba gani kinafungwa na funguo anazo nani. Mimi sina subira, nilikuwa nasimama pale nachezesha mguu. Akaniambia, "Mayu, meneja anajua jengo lilivyochorwa. Anayefagia anajua jengo lilivyo." Mpaka leo sijapata kumshinda kwa hilo.

Nyaya za umeme na za mtandao hakuziruhusu zipite mfereji mmoja. Wakati nafundishwa hilo nilitaka kujua sababu, nikategemea somo refu la fizikia. Alisema hivi tu: hao ni mtu na mkwewe, waonane kwa mbali na kwa adabu, wakikaribiana sana kila mmoja atamchafulia mwenzake siku. Kwetu Usukumani mtu akikutana na mkwewe njiani anapisha, kwa hiyo nilielewa mara moja, na nyaya zote nilizopitisha tangu siku ile zimekuwa na adabu.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa bahili wa sifa. Nilipobana plagi yangu ya kwanza iliyokubali, aliishika, akaigeuza, akasema, "Haijakataa." Nililala na neno hilo kama zawadi. Kwa wateja alitaka kila waya uwe na lebo pande zote mbili, imeandikwa kwa kalamu isiyofutika, lakini nyumbani kwake Ngokolo nyuma ya televisheni palikuwa na msitu, na mkewe alikuwa haruhusiwi kuchomoa kitu maana hata mwenyewe hajui kipi ni kipi. Aliunganisha ofisi za watu na dunia nzima, mfukoni ana simu ya kubonyeza. Na alikuwa mwepesi wa kununa. Ukimkosoa mbele ya watu ananyamaza mpaka kesho yake, halafu anakuja na chapati bila kusema ni za nini.

Kwa kutafuta ubovu, hapo sijaona mwenzake. Wenzetu walikuwa wakifika wanafungua kompyuta na kubonyeza bonyeza. Yeye alianza chini, kwenye plagi ya umeme, halafu taa za swichi ya mtandao, halafu waya, na kompyuta mwisho kabisa. Kuna ofisi moja ya chama cha wakulima wa pamba, njia ya kwenda Songwa, mtandao wao ulikuwa unakufa chumba kimoja leo, kingine keshokutwa. Walishaita mafundi wawili, wakaambiwa ni virusi. Fundi aliingia, akanusa. Nasema kweli, alisimama katikati ya chumba akanusa kama mtu aliyesikia maandazi. Akapanda darini mwenyewe, akakaa huko muda mrefu, akashuka na vumbi kichwani na ganda la karanga mkononi, akalitia mfukoni haraka.

"Ni nini?" meneja akauliza.

"Panya. Wamekula nyaya."

"Wametoka wapi wote hao?"

"Panya wa pamba hao, mwanangu. Hawana kwao."

Tukabadilisha nyaya. Wakati wa kuondoka akamfuata mlinzi wa getini, mzee wa makamo yake na ndiye mwenye funguo za usiku, wakasalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka nyingi, halafu akamwambia taratibu, "Mbegu zako nimeziona kule juu. Tafuta pipa la bati, uziweke stoo ya nyuma." Kumbe yule mzee alikuwa ameficha magunia mawili ya karanga za mbegu kwenye dari ya ofisi, kwa kuwa nyumbani zingeliwa kabla ya mvua. Nani asiyejua tabu hiyo? Kwetu mbegu ndiyo ya kwanza kuibiwa, tena na watoto wako mwenyewe. Mlinzi alimshika Fundi mikono yote miwili, akasema wabeja, asante, wabeja.

Njiani nilimuuliza kwa nini hakumwambia meneja ukweli. Akasema, "Nikisema, mzee anafukuzwa. Nisiposema, panya wanahama. Waya unapona vilevile." Sikujua wakati huo kwamba mwenyewe naye alikuwa ameficha kitu cha namna hiyo.

Nilijua mwaka wa pili, Geita.

Tulipata kazi kwenye ofisi ya mtambo mmoja wa kuchenjulia dhahabu. Vumbi jekundu, makarasha yanasaga mawe toka alfajiri, ukitaka kuongea unapiga kelele. Matundu ishirini na nne ya kuchomeka nyaya za mtandao, siku tatu. Mimi nilifunga upande wa vyumbani, yeye akafunga upande wa kabati, kama tulivyozoea. Boksi letu la waya lilikuwa limekwisha tangu Shinyanga, tukanunua jingine pale mjini, la kiwanda kingine. Siku ya tatu asubuhi tukapima. Kipimo chetu kina taa nane, zinatakiwa kuwaka kwa foleni pande zote mbili. Ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu ikarukia ya saba. Tundu la pili hivyo hivyo. Yote ishirini na nne hivyo hivyo.

Nikajua ni mimi, mwanafunzi. Nikarudia plagi zangu. Taa ikaruka. Nikarudia tena, vidole vinaniuma, na Fundi amesimama mlangoni. Meneja, kijana mwenye haraka zake, akaja akanikuta nimepiga magoti chini ya meza yake kwa mara ya tatu.

"Mzee, umeniletea mwanamke aje kujifunzia kwangu?"

Mwanaume aliyemtetea mlinzi asiyemjua aliangalia chini. Meneja akaongeza mengine ambayo siyarudii, akatupa mpaka saa kumi jioni, la sivyo anaita watu kutoka Mwanza.

Nilikwenda kwenye kabati nikalifungua mwenyewe. Kazi yake ilikuwa safi kama siku zote, nyuzi zimelala sambamba utadhani zimechanwa kwa kitana. Ila kwenye nafasi ya kijani kulikuwa na kahawia, na kwenye nafasi ya kahawia kulikuwa na kijani. Mara ishirini na nne, bila kukosea kukosea kwake. Mtu aliyechoka hakosei namna hiyo.

Nikashika uzi mmoja. "Fundi, hii ni rangi gani?"

Akauangalia muda mrefu. Makarasha yalikuwa yananguruma nje. "Mayu," akasema, "usiniulize hapa."

Nilikuwa na hasira, na sikuificha. Lakini saa ilikuwa inakwenda. Nikamwambia akae, ashike kibanio, mimi nitasoma. Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Nilisoma hivyo mara ishirini na nne, yeye anabana, hatutazamani. Saa tisa na nusu taa zote ziliwaka kwa foleni. Akaosha mikono, akaenda kwa meneja, nami nikiwa nyuma yake, akasema mbele ya watu wote wa ofisi ile, "Kosa lilikuwa la kabati, na kabati nilifunga mimi. Mama Pendo hakukosea hata tundu moja." Sababu hakusema.

Stendi ya Geita, tukisubiri basi, alinunua mahindi mawili ya kuchoma, akanipa lililo kubwa. Akanisimulia habari za ng'ombe. Alipokuwa mtoto anayechunga mifugo, ng'ombe mwekundu wa babu yake alilala kwenye majani mabichi, wenzake wote wakawa wanamwona, yeye anapita karibu kabisa hamwoni. Alichapwa kwa uvivu. Akachapwa tena wiki iliyofuata kwa sababu ile ile. Akajifunza kuwajua ng'ombe kwa kengele na kwa mwendo, na hakuna aliyemchapa tena. Kwenye nyaya akafanya vivyo hivyo. Kila jozi imesokotwa kwa kiasi chake, moja imekaza, nyingine imelegea, naye alizijua kwa vidole. Kwenye waya wa kiwanda tulichozoea, kahawia ililegea. Kiwanda hiki kipya, kahawia ndiyo iliyokaza.

"Umeniacha nikatukanwa, Fundi."

"Nimekuacha. Nilipata woga. Nisamehe, Mayu."

Sikumsamehe pale. Nilimsamehe siku ya tatu, alipokuja na chapati.

Ila aliniomba jambo moja kabla basi halijafika. "Usimwambie mtu. Sina shamba la maana, sina nyumba ya kupangisha. Nina nyaya kwenye kuta za watu. Wakijua, kila waya niliopitisha watautilia shaka." Nikaahidi.

Kuanzia wiki ile kibanda cha Kambarage kikapata sheria mpya: hakuna kubana mpaka mwenzako asome rangi kwa sauti. Wanafunzi waliokuja baada yangu waliona ni ukali wa mzee. Walilalamika, wakazoea, wakaenda zao. Leo ukipita ofisi inayofungwa mtandao, Shinyanga, Kahama, Geita, ukasikia mtu anasoma rangi kwa sauti juu ya dari, ujue amepita kwenye mikono ya Fundi au ya aliyepita kwenye mikono yake. Wanaamini ni ustadi. Na kwa kweli umekuwa ustadi, makosa yamepungua. Mimi peke yangu ndiye nilikuwa najua ulivyozaliwa.

Sasa huyo mtu wa riziki. Fundi alipostaafu, kibanda nilikichukua mimi. Mwaka huu nina wanafunzi watano, na mmoja wao anaitwa Masanja, mwanaume mzima, ana mke na watoto watatu, ametoka kwenye maduara ya kuchimba dhahabu baada ya shimo la jirani yake kuporomoka. Alimwapia mkewe kwamba harudi chini ya ardhi. Darini anatambaa kama nyoka, kuchora ramani anajua, na mpangilio wa rangi ameukariri kuliko wote. Lakini mpe nyuzi zenyewe, anapachika kahawia kwenye kijani. Wenzake wakaanza kumcheka. Siku ya Ijumaa akaniambia, "Mama Pendo, naona hii kazi si yangu. Jumatatu nitakuja kuaga, kuna mtu amenipa nafasi kwenye duara lake."

Jumamosi mchana nilikuwa Ngokolo.

Nilimkuta uani kwenye kigoda, anabangua karanga ndani ya ungo. Koti lile lile, mwili umepungua ndani yake.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba Mayu. Kaa. Umekonda." Sikuwa nimekonda.

Nikamweleza yote. Aliendelea kubangua. Nilipofika kwenye duara, mikono ikasimama.

"Kwa hiyo unataka kunitoa mimi sadaka."

"Nataka aamini inawezekana, Fundi. Nikimwambia mtu fulani aliweza, ataona namfariji. Akijua ni wewe, atakaa."

Akanuna, akarudi kwenye ungo wake. Mkewe akaleta chai, akatuangalia, akarudi ndani. Nilidhani nitaondoka bila jibu. Halafu akanyoosha mkono. "Una waya kwenye mkoba?"

Fundi gani anatembea bila waya. Nikampa kipande na plagi. Akachuna ganda kwa wembe, akafumba macho, akapapasa jozi moja moja muda mrefu. Akazilaza foleni, akanipa.

"Soma."

Nikaangalia. Kahawia ilikuwa kwenye kijani. Zamani angalau alikosea kwa kubadilishiwa kiwanda. Hiki kipande kilikuwa cha kiwanda kile kile alichokizoea. Vidole navyo vilikuwa vimemwacha. Nilitamani kumdanganya, nasema ukweli. Nani angejua? Waya wenyewe haukuwa unakwenda popote.

"Kijani na kahawia zimebadilishana, Fundi," nikasema, na machozi yakanitoka.

Akatikisa kichwa taratibu, akachukua karanga akala. "Ungesema ziko sawa, nisingekuruhusu. Mwambie. Ila jina langu acha."

Jumatatu Masanja alikuja na nguo zake za kazi zimekunjwa kwenye mfuko, amezifua, anazirudisha. Nikawaita wote watano wakae. Nikaanza: palikuwa na fundi mmoja, jina sitaji, alikuwa haoni kijani. Sikufika mbali. Bodaboda ilisimama nje, na sauti ninayoijua ikawa inabishana na dereva kuhusu chenji.

Akaingia na koti lake. Akawaangalia wanafunzi, wakasimama kumpa shikamoo.

"Marahaba. Fundi anayesemwa hapa ni mimi," akasema. "Masanja ni yupi?"

Kwa hiyo sasa nusu ya Kambarage inajua, na sharti lake alilivunja yeye mwenyewe. Mimi niliahidi, jina sitaji.

Alivuta kiti akakaa karibu na Masanja, bega kwa bega. Akampa waya. Masanja akauchuna, akazitandaza nyuzi nane kwenye kiganja, akasubiri. Waliokuwa wakimcheka wakasogea kuona.

"Mayu," Fundi akasema, "tusomee."

Nikainama nikasoma. Nyeupe-chungwa. Chungwa. Nyeupe-kijani. Kila nikitaja, nagusa uzi, Masanja anaupanga. Nilipofika kwenye buluu sauti ikanikatika, nikabaki nagusa tu, na Masanja, ambaye haoni rangi hizo, akamalizia zilizobaki kwa kichwa, moja moja, kwa sauti, nami nikifuata kwa kidole.

Akabana. Nikapima. Taa zikawaka kwa foleni mpaka ya nane.

Fundi akaichukua ile plagi, akaigeuza.

"Haijakataa," akasema.